Vifaa vya upanga wa kijeshi wa Kijapani wa kuiga: nini ununue kwanza, nini uache

Ushike upanga wako kwa mpini, uutikise taratibu karibu na sikio. Ukisikia kitu kinagonga ndani, usinunue kishada cha nyuzi cha kuning'iniza kwenye mpini, usinunue maua ya shaba, usinunue chochote cha kufurahisha macho. Anza na kijiti cha mwanzi.

Nasema hivi kwa sababu mimi nilianza kinyume. Upanga wangu ulitengenezwa China, nikaununua ukae ukutani kando ya nishani ya Burma Star ya babu, waliyopewa askari waliopigana Burma. Alikuwa askari wa Keya, yaani King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, katika Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ile iliyoshuka bonde la Kabaw huko Burma mwaka 1944 kwenye matope ya masika ya kule hadi ikaingia Kalewa mwezi Desemba. Muuzaji aliuandika kuwa ni wa afisa, wa mwaka 1934. Ulipofika, ala ilikuwa na pete mbili kama zinavyotakiwa, lakini kikingio cha mkono kilikuwa chuma kitupu kisicho na ua hata moja, na mpini umekazwa kwa skrubu. Niliumia. Kitu kinachokaa karibu na nishani ya mtu aliyekuwa vitani hakipaswi kusema uongo.

Kabla ya kutoa senti, jua upanga wako unaiga upi. Aina ya 94, ya mwaka 1934, ina pete mbili za kuning'inizia kwenye ala, na ya pili inaweza kuondolewa. Aina ya 98, ya mwaka 1938, ina pete moja. Zote mbili zimejaa maua ya sakura, yaani mcheri wa Kijapani: kwenye kikingio (Wajapani wanakiita tsuba), kwenye kola ya mpini na kwenye kofia ya shaba iliyo mwisho wa mpini. Upanga wa maafisa wa mwishoni mwa vita, ambao wakusanyaji huuita Aina ya 3, una kikingio cha chuma kisicho na pambo na utepe wa mpini uliopakwa laka. Wa masajini ni Aina ya 95, ya mwaka 1935, na huo nitaufikia mwisho. Ukichanganya sehemu za aina mbili, hata kila kipande kiwe halisi, upanga mzima utakuwa si sahihi.

Namba moja: kijiti cha mpini (mekugi). Ni kitu kidogo kuliko kidole, na ndicho kinachozuia ubapa usichomoke mkononi. Panga nyingi za bei rahisi zina skrubu, pini ya shaba au kipande cha mti laini. Nunua mwanzi mkavu wenye nyuzi zilizobanana, au chonga mwenyewe kutoka kijiti cha kulia wali, mradi kiwe mwanzi kweli. Kichonge kiwe kinene upande mmoja na chembamba upande wa pili, kiingie kwa kugongwa kidogo, halafu kata kinachozidi. Hakuna matumizi ya pesa yenye faida kubwa kuliko haya, na karibu hayagharimu kitu.

Namba mbili: washa za shaba (seppa), yaani vibamba vyembamba vyenye tundu katikati. Hapa ndipo upanga wa kuiga unapojiumbua haraka kuliko mahali pengine, na watu wachache wanapatazama. Kwenye upanga halisi wa afisa, kikingio hakikai peke yake. Kimebanwa kati ya washa kadhaa kila upande, nyingine nyembamba zenye kingo zilizokatwakatwa kama meno madogo, nyingine kubwa zenye mzunguko kama miale ya jua. Ukizitoa utakuta mara nyingi zimepigwa namba ile ile, kwa kuwa fundi alizilinganisha kwa upanga mmoja. Wa kuiga una washa mbili laini tu, ndiyo maana unalegea. Seti mpya nzuri hurekebisha sura na hubana mpini kwa wakati mmoja. Pima msuka wa ubapa, yaani sehemu yake inayoingia ndani ya mpini, pale unapoanzia mpini, upana na unene, kwa milimita, na umpelekee muuzaji vipimo. Asipojibu vipimo, tafuta mwingine. Zingatia pia tundu dogo la kando: panga nyingi halisi zilikuwa na kitufe cha kufungia upanga ndani ya ala, na ulimi wake hupita kwenye washa na kwenye kikingio. Kama wako hauna kitufe hicho, washa zenye tundu zitaacha pengo tupu.

Namba tatu: kishada. Kinabadilisha sura ya upanga kwa dakika moja, ila rangi zake ni cheo, si pambo. Kahawia na buluu ni maluteni na makapteni. Kahawia na nyekundu ni mameja hadi makanali. Majenerali waliongezewa dhahabu. Wauzaji hupenda kutia kishada chenye dhahabu kwenye kila upanga kwa kuwa kinang'aa, na matokeo yake dunia ina majenerali wengi kuliko jeshi lilivyowahi kuwa nao. Chukua cha buluu. Kishada halisi cha wakati wa vita mara nyingi hukaribia bei ya upanga mzima wa kuiga, kwa hiyo hapa napendekeza kipya kilichofumwa vizuri, kisiwe cha nailoni inayometa. Kipitishe kwenye pete ndogo iliyo mwisho wa mpini.

Namba nne: kikingio na maua ya mpini. Kwa hivi tafuta vya zamani ukiweza. Maua matatu ya sakura yanayokaa chini ya utepe wa mpini, kwenye vipande halisi, yana mishipa kwenye petali na kingo kali. Ya kusubu vibaya yanafanana na vifungo vya shati vilivyoyeyuka. Kikingio halisi ni kizito mkononi. Soko la Japani ni zuri kwa hivi, na sababu yake inafaa kujulikana: sheria ya huko huruhusu kusajiliwa panga zilizofuliwa kwa njia ya jadi tu, kwa hiyo ubapa uliotengenezwa kiwandani wakati wa vita hauna nafasi ya kumilikiwa nchini humo, lakini vifaa vyake havizuiwi. Vingine huuzwa vikiwa vimevishwa kwenye ubapa wa mbao. Tundu la kikingio likiwa dogo, lipanue kwa tupa kidogo kidogo, ukijaribu kila mara. Likiwa kubwa, jaza kwa vipande vya shaba nyekundu pande mbili. Usisugue shaba ya zamani kwa dawa ya kung'arishia. Ule weusi ndani ya petali umechukua miaka themanini, na ukiutoa haurudi.

Hata hivyo nakuomba: usinunue upanga halisi uliokamilika ili uuvue vifaa. Nunua vilivyokwisha kutengana tu.

Namba tano: utepe na ngozi ya taa. Mpini halisi umevikwa ngozi ya samaki taa, ngumu, yenye chembe kama mchanga mnene, halafu ukafungwa utepe wa pamba au hariri wa kahawia. Wa kuiga mara nyingi una plastiki nyeupe. Kazi hii inahitaji fundi anayejua kufunga, na malipo yake yanaweza kuzidi thamani ya upanga. Ifanye kama unaupenda upanga huo kweli.

Mwisho kabisa, ala. Usinunue ala ya pekee. Kila ubapa una mpindo wake, na ala ya upanga mwingine itakwama katikati au itacheza. Paka upya rangi ya kijani iliyofifia, au nunua kifuniko cha ngozi cha vitani, basi.

Na kama ulichonacho ni nakala ya Aina ya 95, weka pesa mfukoni. Mpini wake ulisubiwa kipande kimoja, mwanzoni kwa shaba nyekundu, baadaye kwa alumini iliyopakwa rangi ifanane na utepe. Hakuna cha kubadilisha ila rangi, na brashi nyembamba na jioni mbili zinakutosha.

Ukimaliza, vua mpini mara moja zaidi, uandike kwenye msuka kwa wino usiofutika: nakala, mwaka uliobadilisha, na vipande gani ni vya zamani. Wangu unasema kikingio na maua tu.