Fibroskopi yangu Bukavu: docta sawa, resepsio Mungu anisamehe

Jina ya hospitali siitaji, ba Bukavu mutajijulia wenyewe. Nilienda juu ya bugali: kila tonge likifika katikati ya kifua linakwama, mpaka ninywe maji ndo linashuka. Docta akasema fibroskopi, ile kamera nyembamba wanakupitishia mdomoni ishuke kwenye bomba la chakula. Unalala na njaa, wanakupulizia dawa chungu kooni mpaka ulimi unakuwa kama wa mtu mwengine, unalala ubavu wa kushoto mate yanatiririka tu, lakini dakika chache imeisha, si kitu.

Docta alinionyesha kwenye ekrani kivimbe cha njano-njano, chini kabisa ya bomba la chakula, milimita kama 8, akikigusa na ile koleo ndogo ni kigumu. Akanieleza polepole: Papa, hii iko chini ya ngozi ya juu, mara nyingi si kansa, ninakata vipande kadhaa pahali pamoja, maana nikichukua cha juu tu maabara inaweza kusema kila kitu sawa kumbe koleo haikufika. Nilitoka nimetulia kabisa.

Matokeo yakakawia wiki na wiki, hiyo sikukasirika. Sasa siku yenyewe ile dada ya resepsio anafungua bahasha yangu, BAHASHA YANGU, anasoma mbele ya benchi nzima: "Ah Papa, iko tumeri. Pole. Mulete familia." Mulete familia!! Kuna mama mmoja, hata simujui, akaniwekea mkono kichwani akaanza kuniombea. Nilirudi Kadutu kwa miguu, usiku mbili sikulala, bibi yangu analia, kaka yangu wa Goma anauliza boti ya kwanza inatoka saa ngapi.

Docta kusoma, anacheka. Tumeri ya seli za punje-punje, inatokea kwenye ganda la neva, maabara waliweka rangi ya S100, ile ya kutambua seli za ganda la neva, ikashika, si mbaya. Ikiwa ndogo vile mara nyingi wanaichungulia tu na kamera, ikikua ao ikisumbua wanaitoa na kamera hiyo hiyo bila kupasua kifua. Na bugali kukwama? Asidi inapanda, akanipa vidonge. Tumeri ni uvimbe tu jamani, si kila uvimbe ni jeneza!

Nilitaka kuandika musiende. Halafu ninawaza, docta kama ule nitamupata wapi tena? Basi muende, ila bahasha muikamate ingali imefungwa. Hapana, nikikumbuka ule mkono kichwani, musiende. Bibi yangu anasema nifute hii yote, kontroli ni mwaka kesho na resepsio ni ile ile.