Hotpoti, Jiko Kapu au Chefindishi: Nini Kitafikisha Pilau ya Krismasi Saa Tisa Ikiwa Moto?

Hamjambo, karibuni tena jikoni. Leo mezani tuna vitu vinne: hotpoti ya lita 5, jiko kapu linalomeza sufuria ya lita 10, chefindishi, yaani yale masinia ya hoteli yenye maji chini na moto wa jeli, na sanduku la barafu, lile mnalobebea soda mkienda matembezi. Umealika watu 30 nyumbani Kasarani, hapa Nairobi. Umewaambia chakula ni saa saba. Lakini unajua vizuri kwamba wa Rongai wako kwenye foleni, kuna mzee ataombea chakula kwa kirefu, na sahani ya kwanza itapakuliwa saa tisa kasorobo. Pilau iliyoipuliwa saa sita itakuwa na hali gani wakati huo?

Shikeni namba mbili kwanza. Ya kwanza ni nyuzi 60. Chakula kikishuka chini ya hapo, bakteria wanaanza kupata nafasi ya kuzaana, kwa hivyo hatutafuti uvuguvugu, tunatafuta 60 kwenda juu mpaka mtu wa mwisho apakue. Ya pili ni nyuzi 94 au 95. Hapo ndipo maji yanapochemka Nairobi, kwa sababu tuko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Mpishi wa Mombasa anaipua mchuzi ukiwa nyuzi 100. Wewe unaanza ukiwa nyuma yake kwa nyuzi tano. Kila dakika sufuria inayokaa wazi ukitafuta mahali pa kuiweka, unazidi kupoteza.

Tuanze na hotpoti, maana kila nyumba inayo. Hotpoti haipashi chakula. Inachunga joto ulilolitia, basi. Ukiweka wali wa nyuzi 70 kwenye chombo baridi, chuma cha ndani kinanyonya joto mara moja na baada ya muda mfupi uko chini ya 60. Kwa hivyo mimina maji yanayochemka, funika dakika 10, mwaga, pangusa haraka, kisha pakia chakula kikitoka motoni. Na ijaze. Hotpoti ya lita 5 yenye lita mbili za chakula inapoa upesi, kwa sababu joto linaishia kwenye hewa iliyo juu, na kila ukifunua hewa hiyo yote inatoka.

Sogeza kamera hapa kwenye kifuniko. Unaona huu mpira wa pembeni? Hapa ndipo hotpoti nyingi zinakufa. Kata ukanda wa karatasi, upana wa kidole, uweke ukingoni, funga, halafu vuta. Karatasi ikikwama, mpira unafanya kazi. Ikiteleza bila kushikwa, mvuke utapita hapo hapo na joto litaufuata. Zungusha kifuniko ujaribu pande nne, kwa sababu mara nyingi kinapwaya upande mmoja tu, ule wenye bawaba. Halafu weka kiganja ubavuni dakika 20 baada ya kutia maji ya moto. Nje kukiwa na joto, basi povu la katikati ya kuta ni jembamba au halipo kabisa, na hiyo usiitegemee kwa wageni.

Hotpoti ni ya chapati. Sitaki kuipa kazi nyingine siku kubwa. Pakiti ya unga ya kilo 2 inatoa chapati 24 hivi, na zikipangwa zikiwa moto, zinashikiana joto zenyewe. Tatizo lao ni unyevu: mvuke unapanda, unagonga kifuniko, unadondoka, na zile tatu za juu zinakuwa kama zimelowekwa. Tandika kitambaa safi cha pamba chini, kunja ncha zake juu ya chapati, ndipo ufunge. Kitambaa kinakunywa maji. Karatasi ya foili haiwezi kunywa, kwa hivyo usizifunge nayo zikiwa zinatoa mvuke. Na tenga hotpoti mbili: kubwa ya akiba ibaki jikoni imefungwa, ndogo iende mezani ifunguliwe wanavyotaka.

Sasa jiko kapu, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu watu wanalidharau. Ni kikapu kilichoshonewa ndani kitambaa chenye vipande vya sponji au nyuzi, na mto mnene wa juu. Halina waya, halina moto, stima ikipotea halijui. Kwa pilau na mchuzi wa watu wengi, hakuna kitu hapa mezani kinacholishinda kwa pesa unayotoa.

Siri yake ni wingi. Sufuria ya lita 10 iliyojaa ina joto jingi na ngozi ndogo ya kulipotezea, ukilinganisha na bakuli. Ila kikapu kisiwe kikubwa kuliko sufuria yako. Ukiingiza mkono ukapata nafasi pembeni, jaza leso au taulo mpaka sufuria isicheze. Kifuniko cha sufuria kikae sawasawa, na kama kinapwaya, weka foili kati yake na ukingo. Chemsha ukiwa umefunika dakika 5 za mwisho, ili kifuniko chenyewe kipate moto, halafu sufuria itoke jikoni moja kwa moja iingie kapuni. Pangusa masizi na makaa kwanza, maana kaa moja lililoganda chini ya sufuria linatosha kuunguza kitambaa.

Kuna mambo mawili yanayoharibika humu, na yote yanatokana na chakula kuendelea kuiva. Pilau ukiipua imeshakauka kabisa, ukaiacha kapuni saa mbili na nusu, punje zinapasuka. Ipua maji yakiisha tu juu, usiipalie makaa. Kapu litamaliza kazi. Mchuzi nao haupungui maji humu, hakuna mvuke unaotoka. Uuache uwe mzito kama unavyoutaka mezani kabla hujaufunika. Na usifunguefungue. Ukifungua kuonja mara tatu, ni afadhali ungeuacha kwenye meza.

Huna kapu? Sanduku la barafu linafanya kazi ile ile, kwa sababu kinachozuia joto kuingia ndicho kinachozuia joto kutoka. Tia maji ya moto kwanza, lakini si yanayochemka, plastiki inaweza kujikunja. Mwaga, kausha, tandika taulo iliyokunjwa mara mbili chini, maana sufuria iliyotoka motoni itayeyusha plastiki. Funga sufuria kwa taulo nyingine, jaza mianya yote. Mukimo unakaa vizuri sana humu, ni mzito na haupoi ovyo. Uweke ukiwa umeusawazisha juu na kupaka siagi kidogo usikauke.

Chefindishi ndiyo pekee hapa inayoongeza joto, na ndiyo watu wanaitumia vibaya zaidi. Sinia la kawaida lina sentimita 53 kwa 32.5, na la kina cha sentimita 6.5 linabeba karibu lita 9. Kilo 3 za mchele mkavu, kiasi cha watu 30, zikishaiva hazitoshei sinia moja, kwa hivyo panga mawili, au jaza moja na uache wali unaobaki kapuni uongezee.

Kosa ni maji ya bomba. Mtu anamwaga lita nne za maji baridi chini, anawasha vikopo viwili vya jeli, anaweka chakula. Moto ule ni mdogo, una kazi ya kupasha maji muda mrefu, na wakati huo huo chakula ndicho kinachoyapasha maji. Kinapoa kutoka chini. Tia maji yanayochemka, sentimita 2 hadi 3, funika, washa jeli, subiri dakika 10, ndipo uweke sinia la chakula. Kila saa chungulia chini na uongeze maji ya moto. Yakikauka, chakula kinaungua katikati na baridi inabaki pembeni. Uani upepo unauvuta moto upande mmoja, kwa hivyo kinga ule upande upepo unakotoka, lakini usizibe pande zote, moto unataka hewa.

Tafadhali nisikieni hapa: mwali wa jeli mchana hauonekani vizuri. Usiongeze jeli kwenye kikopo ambacho hujahakikisha kimezima na kupoa. Na jiko la makaa lisiingizwe ndani ya nyumba au kwenye hema lililofungwa ili chakula kisipoe. Hewa ya sumu ya makaa haina harufu, na watoto wanakuwa wamelala chumba cha pili.

Kama unaalika watu mara moja au mbili kwa mwaka, nunua kapu, na chefindishi ukodishe; wengi wanaokodisha viti na hema wanazo. Pesa inayobaki, nunua kipimajoto cha kuchoma chakulani. Kichome katikati ya sufuria, si ukingoni.

Kuna vyakula visivyopaswa kuwekwa kwenye chombo chochote kati ya hivi. Sukuma wiki ikatwe mapema, ipikwe wageni wakishakaa, ni dakika 5. Kuku wa kukaanga akifungiwa analainika ngozi. Mwache kwenye trei wazi, oveni nyuzi 100. Nyama choma ibaki vipande vikubwa, ikatwe ikiliwa.

Na masalio. Pilau haibaki kwenye sufuria kubwa mpaka jioni, maana katikati yake inapoa polepole mno. Kuna bakteria wa wali ambao mbegu zao hazifi kwa kuchemka, na sumu wanayoiacha haiondoki ukipasha. Ndani ya saa mbili baada ya kutoka kwenye joto, igawe kwenye trei fupi, unene wa vidole viwili au vitatu, iingie friji. Kesho pasha ile utakayokula tu, hadi nyuzi 75, na usiipashe zaidi ya mara moja.