TAHADHARI: Wauza mashine za maji wanaozunguka Mbeya na glasi mbili

Wana Mbeya, hasa wa Soweto, Mwanjelwa na Uyole, kuna vijana wanapita majumbani na kwenye vikundi vya VICOBA wakiuza mashine ya kuchuja maji. Wametinga mashati yaliyopigwa pasi, vitambulisho shingoni, na wanaamkia vizuri mpaka unawapa kiti. Jumamosi walikuja kwa shemeji yangu nikiwepo.

Wanaomba glasi ya maji yako ya bomba, pembeni wanaweka glasi ya maji yao, kisha wanatumbukiza kidude chenye vyuma na kukichomeka kwenye umeme. Muda si mrefu maji yako yanageuka rangi ya kutu, juu povu, chini machicha ya kijani. Yao hayajabadilika. "Mama, haya ndiyo wanayokunywa watoto." Shemeji alishashika simu atume 150,000 za kutangulizia.

Jamani, ile kutu inatoka kwenye vyuma vyao! Maji ya bomba yana madini ya kawaida, ndiyo maana yanapitisha umeme, na umeme unakimumunyua chuma. Yao yameondolewa madini, umeme haupiti. Nikachukua glasi yao nikatia chumvi kidogo, nikawaambia wachomeke tena. Wakatazamana. Walipochomeka, yakachafuka kuliko ya bomba. Mkubwa wao akasema eti chumvi yetu ni mbovu.

Wana pia kikalamu cha kusoma TDS. Kile kinaonyesha kiasi cha madini yaliyoyeyuka, basi. Vijidudu vya kuhara hakivioni kabisa, maji yanaweza kusoma namba ndogo na bado yakakulaza hospitali.

Uongo ulioniudhi zaidi ni huu: Mbeya iko juu, maji hayafiki nyuzi 100, kwa hiyo kuchemsha hakusaidii. Ni kweli huku yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi, lakini hizo zinatosha kuua vijidudu. Yaache yatokote vizuri dakika moja au zaidi, funika, yapoe. Mtu akiacha kuchemsha kwa maneno yao na mashine yenyewe haijafika, si anaumwa?

Maana mashine haifiki. Bei ni 680,000 kwa awamu, risiti ya kuandikwa kwa mkono, ya EFD hawana. Jirani wa Ilomba amelipa nusu, fundi wa kufunga hajaonekana, na namba waliyomwachia haipatikani.

Sisemi vichujio vyote ni utapeli. Ukitaka, nunua dukani penye risiti na mtu wa kumrudia, uulize kabisa vichujio vya kubadilisha vinapatikana wapi na kwa bei gani. Kama unayatilia shaka maji yako, peleka sampuli maabara ya maji wapime vijidudu.

Waliokwisha kutuma pesa, msifute meseji ya muamala. Nendeni nayo polisi pamoja na ile risiti, na mtandao wenu wa simu mwupigie leo leo.