Taa za swichi au waya wa king'ora?

Swichi ya mtandao, kile kisanduku kinachounganisha kompyuta na vifaa vingine kwa waya, ikiharibika utajuaje: kwa taa zake, au kwa waya unaoiunganisha na king'ora? Kwa bei, taa zinashinda bila ubishi: zimekuja na swichi yenyewe. Ukisimama mbele ya raki (fremu inayobeba swichi), kijani ikitulia waya umeshika, ikipepesa data inapita, ikizima anza na plagi. Ila rangi hazina kanuni moja. Njano kwa mtengenezaji huyu ni hitilafu, kwa yule ni kasi ndogo tu, kwa hiyo soma kijitabu kabla hujachomoa kitu.

Waya wa king'ora ni habari nyingine. Swichi nyingi za viwandani zina skrubu za rilei, mara nyingi zinazobeba hadi ampea 1 kwa volti 24. Rilei haitoi umeme; inafunga na kufungua saketi ya king'ora chako, kama kitufe cha ukutani. Mambo yakiwa shwari hushikiliwa na umeme, ukikatika inaachia. Swichi ikifa kabisa, taa zinazimika kimyakimya, king'ora kinalia. Hapo ndipo ninapoupenda. Tatizo, haukwambii ni poti ipi (tundu la kuchomeka waya wa mtandao) yenye hitilafu. Utarudi kwenye taa zilezile. Na waya ukilegea kwenye skrubu, utaamshwa bure saa nane usiku. Kaza, kisha ujaribu kila baada ya miezi michache. (Taa hazidai hata hilo, labda kufutwa vumbi.)

Raki iko kando ya meza yako? Taa zatosha. Iko chumba cha pampu nyuma ya kiwanda, na mlinzi yuko getini? Vuta waya hadi getini, king'ora kiwe na betri yake.