Betri za Trojan T-105 kwa umeme wa ndani ya basi lililogeuzwa nyumba

Trojan T-105 ni betri ya risasi na asidi ya volti 6, yenye uwezo wa ampea-saa 225 inapotumiwa taratibu kwa saa 20, na uzito wa takriban kilo 28. Hujulikana zaidi katika magari ya gofu, lakini nchini Marekani, ambako mabasi ya shule yaliyokwisha muda wa kazi hugeuzwa makazi, wengi huitegemea kuendesha friji, taa na pampu ya maji. Nimeitumia katika basi la aina hiyo, na kwa maoni yangu inamfaa mtu asiyechoka kuihudumia.

Sifa yake kubwa ni pleti nene za risasi ndani yake, zinazostahimili kutumiwa sana na kujazwa tena, kazi ambayo huiua mapema betri ya kuwashia injini. Betri nne zikifungwa mbili mbili kwa mfululizo (chanya ya moja kwa hasi ya nyingine), kisha jozi hizo zikaunganishwa sambamba (chanya kwa chanya, hasi kwa hasi), hutoa volti 12 na ampea-saa 450, ingawa anayetaka zidumu hatumii zaidi ya nusu, yaani kama kilowati-saa 2.7. Mwenye basi la volti 24, kama yalivyo mabasi mengi makubwa ya Afrika Mashariki, atazifunga zote nne kwa mfululizo. Nishati itakuwa ileile, na waya zitapitisha nusu tu ya mkondo. Asikubali, hata hivyo, fundi amchukulie volti 12 za redio katikati ya mfululizo huo, kwa sababu betri za upande mmoja zitapungukiwa chaji huku za upande wa pili zikizidishiwa. Anunue konveta, kifaa cha kushusha volti 24 kuwa 12.

Katika mpangilio wa volti 12, waya chanya ya inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa kama wa nyumbani, inapaswa kutoka kwenye jozi ya kwanza, na waya hasi itoke kwenye jozi ya mwisho, ili mzigo ugawanyike sawa. Inveta ya wati 2,000 huvuta karibu ampea 200 kwenye volti 12. Kwa hiyo sikushuka chini ya waya ya shaba ya milimita za mraba 70, na fyuzi niliiweka karibu kabisa na kichwa chanya cha betri.

Ninapoipunguzia alama ni kwenye chaji. Jozi ya volti 12 ya betri hizi huhitaji karibu volti 14.8 ili ijae sawasawa, ilhali oltaneta (jenereta zinazozungushwa na injini) za mabasi mengi hukomea chini ya hapo, na betri isiyojaa kwa muda mrefu hufanya salfeti ngumu, yaani ukoko wa chumvi ya risasi, juu ya pleti. Paneli za sola zenye kidhibiti chaji kizuri ndizo humalizia kazi hiyo. Isitoshe, betri zote nne zina vifuniko 12 vya kufungua na kuongeza maji safi ya betri, si asidi, na huongezwa baada ya chaji kujaa. Gesi ya hidrojeni nayo inadai sanduku lenye tundu la kutokea nje, na inveta isikae humo.

Betri za lithiamu ni nyepesi na hazidai maji, lakini hazifai kuchajiwa kwenye baridi iliyo chini ya nyuzi 0, jambo lenye uzito kwa anayelala basini majira ya baridi. Atakayechagua T-105 anunue zote nne kwa pamoja, zenye tarehe moja ya kutengenezwa, kwa kuwa betri mpya ikifungwa na iliyochoka huchoka nayo.