Germinal: uanze na filamu au riwaya?

Kwa muda, filamu ya Claude Berri ya 1993 inashinda: kama dakika 160 tu. Riwaya ya Émile Zola ya 1885 ina sehemu 7, na watoto 7 wa akina Maheu, familia ya wachimba makaa ya mawe, huwachanganya wasomaji wengi mwanzoni. Kwenye filamu nyuso za waigizaji hukusaidia kuwatofautisha.

Ila uhai wa mgodi umo kitabuni. Bataille, farasi mweupe aliyekaa miaka 10 chini ya ardhi, anamnusa farasi mgeni Trompette na kupata harufu ya jua kwenye nyasi. Kamera itanusaje?

Unajifunza Kifaransa? Tazama kwanza, manukuu yawe ya Kifaransa. Unaandika insha kuhusu Zola? Soma kwanza; filamu ingoje.