Siku tano na gari la kulala kutoka Mwanza hadi Bukoba: uzoefu wangu

Mwezi Septemba, shule zilipofunga kwa mapumziko mafupi, nilikodi jijini Mwanza gari la kulala kwa siku tano na kwenda nalo Bukoba pamoja na mke wangu na watoto wetu wawili. Nimeona niandike kwa kirefu kidogo, kwa kuwa kabla ya safari nilitafuta sana maelezo ya mtu aliyekwisha kufanya jambo hili katika ukanda wetu wa ziwa, na nilichopata kilihusu nchi za mbali, ambako kuna viwanja maalumu vya magari ya aina hii kila baada ya mwendo mfupi.

Gari lenyewe ni Toyota Hiace ya dizeli iliyotolewa viti vya abiria na kuwekewa kitanda cha mbao kinachokunjwa, kabati, sinki dogo lenye pampu ya mguu, tangi la maji la lita 60, jiko la gesi lenye mtungi wa kilo 6 na jokofu dogo la volti 12. Juu ya paa kuna hema linalofunguka, ambamo watoto walilala. Nililipa shilingi 220,000 kwa siku, mafuta yakiwa juu yangu, pamoja na amana ya shilingi 500,000. Injini ilikuwa nzima, matairi mapya, bima ilikuwa kubwa kama nilivyoahidiwa, na breki sikuzitilia shaka hata mara moja. Kwa upande wa uendeshaji sina lawama yoyote.

Katika kupanga nilianza vibaya, kwa sababu nilihesabu kilomita kabla ya kuhesabu usiku. Kilomita ni rahisi: kutoka Mwanza hadi Bukoba ni zaidi ya 400, lami tupu, na gari hili lilikwenda kilomita kumi hivi kwa lita moja. Kazi kubwa ni kujua utaegesha wapi jua likizama. Huku kwetu gari lililosimama kando ya barabara usiku kucha, watu wakiwa wamelala ndani, huibua maswali, na maswali hayo ni ya haki. Nilipiga simu katika hoteli nne zenye uwanja karibu na maji. Mbili zilikubali kuniuzia nafasi ya kuegesha na matumizi ya bafu, mbili zilikataa pale niliposema tutapika kwa gesi ndani ya gari. Kwa usiku wa kwanza, ambao tulitaka kuupitisha kwenye mwalo mmoja (ufuko wanapoegesha mitumbwi wavuvi) wa wilaya ya Muleba, nilimtafuta kwanza mwenyekiti wa kijiji kupitia rafiki wa kazini, nikajitambulisha na kumtajia namba ya gari. Simu hiyo moja ilitupa amani kuliko kufuli zote za milango.

Tuliondoka alfajiri. Wanaoijua njia hii tangu zamani wanakumbuka foleni ya kivuko cha Kigongo, ambapo mtu angeweza kumaliza asubuhi nzima akingoja zamu. Tangu tarehe 19 Juni 2025, lilipozinduliwa Daraja la Kigongo–Busisi lenye urefu wa kilomita 3, maji yale huvukwa kwa dakika chache, na ndiyo maana safari hii sasa inawezekana kwa familia yenye siku tano tu. Baada ya Sengerema na Geita, mtu asiwe na haraka. Vibao vya kilomita 50 kwa saa ni vingi, matuta ni mengi, na pale Katoro bodaboda na mikokoteni huingia barabarani bila taarifa. Gari lenye tangi la maji na vyombo kabatini halipendi breki za ghafla. Sahani zetu mbili zilivunjika kabla hatujajifunza kuzifunga kwa taulo.

Kwenye mwalo tulifika jioni. Nilikuwa nimekwisha kuchagua mahali pazuri penye majani mafupi, hatua chache kutoka majini, alipokuja mzee mmoja anayelinda mitumbwi. Nilimwamkia, akaitikia, kisha akasema, “Mwanangu, hapo ulipoegesha ni njia ya kiboko. Sogea kule kwenye banda.” Alinionyesha kwa tochi yake: mifereji miwili sambamba katika nyasi, katikati pamebaki mstari wa majani yaliyosimama, kila upande udongo umekanyagwa ukawa laini kama sakafu. Kiboko hutoka majini usiku kwenda kula majani na hurudi kwa njia ileile. Nikasogeza gari bila kusema neno. Mwezi haukuwapo usiku ule, nao ndio usiku wa dagaa, kwa kuwa wavuvi huwavuta kwa taa na mbalamwezi huwaharibia kazi. Kwa hiyo tulikaa kwenye viti vyetu tukitazama mstari wa taa mia kadhaa ziwani, mwanangu mdogo akiamini kuna mji upande wa pili. Anayepanga safari kama hii achague siku za giza.

Bukoba ndiko kasoro ya gari ilikojitokeza. Tuliegesha katika uwanja wa hoteli ufukweni, kisiwa cha Musira kikiwa mbele yetu, kwa nia ya kukaa usiku mbili bila kuwasha injini. Jokofu linatumia betri ya pili, ambayo katika gari hili huchajiwa na injini tu inapowaka. Betri ilikuwa ya asidi, yenye uwezo wa ampea-saa 100 (yaani ampea moja kwa saa 100, au mbili kwa saa 50), na betri ya aina hiyo haitakiwi kutumiwa zaidi ya nusu, la sivyo hufa mapema. Jokofu huvuta ampea 4 hivi kompresa inapofanya kazi, na kwenye joto hufanya kazi karibu nusu ya muda, yaani wastani wa ampea 2. Ukizidisha kwa saa 24 unapata ampea-saa 48. Maana yake nusu ile huisha kwa siku moja, hata kabla ya taa na simu. Hesabu hii ningeifanya nyumbani kwa dakika mbili, na mkodishaji angepaswa kuniambia.

Asubuhi ya siku ya pili taa nyekundu ilikuwa inawaka na kilo tatu za sato tulizonunua sokoni zilikuwa zimeanza kunuka. Hoteli ilitupa umeme kwa moyo mweupe, lakini waya wa kuchajia betri kwa umeme wa nyumbani, ulioandikwa katika orodha ya vifaa niliyotia saini, haukuwemo garini. Nilipompigia simu mkodishaji aliniambia, “Kaka, washa gari liungurume saa moja.” Tuliliwasha, milango ikiwa wazi na watoto wakiwa mbali, kwa sababu moshi wa injini katika gari la kulala ni hatari ya kweli. Saa moja ya kuunguruma iliirudishia betri chaji kidogo sana.

Hema la paani lilivuja kwenye mshono mmoja. Mvua za Bukoba huja mara nyingi alfajiri: usiku maji ya ziwa hubaki na joto kuliko nchi kavu, hewa hupanda na kujenga mawingu, na upepo wa mashariki huyasukuma upande wa Kagera. Ilipofika saa kumi na moja watoto walishuka wakiwa wamelowa mabega, tukabanana wanne kwenye kitanda cha wawili. Kwa sababu hiyo ningeshauri Juni au Julai, ambapo mvua ni chache.

Kuhusu maji, tangi la lita 60 lilitutosha siku mbili, nasi tulijaza kwenye bomba tu. Ziwani hatukuoga, hasa penye matete na maji yaliyotulia, kwa kuwa ndiko konokono wa kichocho wanakoishi. Chandarua kilikuwapo na kilikuwa kizima.

Niliporudisha gari, mkodishaji alitaka kukata shilingi 40,000 kwenye amana kwa ajili ya harufu ya samaki. Nilimfungulia orodha ya vifaa, nikamwonyesha mstari wa waya na saini yake chini. Alinyamaza, akaenda ndani, akarudi na amana yote na waya mpya ambao bado ulikuwa kwenye mfuko wa duka, akauweka kwenye kabati la gari mbele yangu. Nimeweka nafasi kwa Juni, kwa sharti lililoandikwa kwamba kutakuwa na paneli ya sola juu ya paa na kwamba mshono wa hema utazibwa.